Haldane, munganga aliyevuta gazi ili wachimbaji wapone

Ndugu wafanyakazi wa migodi, na ninyi mama munaobaki ku nyumba mukingoja bwana apande toka mu shimo, leo tusome maisha ya mutu mumoja ambaye kazi yake inalinda pumuzi yetu. Jina lake ni John Scott Haldane.

Alizaliwa mwaka 1860 mu muji wa Edinburgh, kule Scotland, mu jamaa ya watu wakubwa. Alimaliza masomo ya unganga mwaka 1884. Angeweza kutibu matajiri na kupata feza. Yeye alichagua kupima hewa: hewa ya nyumba za maskini, ya mifereji ya maji machafu, na kisha hewa ya migodi.

Mwezi wa kwanza 1896, mugodi wa makaa wa Tylorstown, inchi ya Wales, ulilipuka. Watu 57 wakafa. Kila mutu aliwaza ni moto njo uliwaua. Haldane alifika, akaangalia maiti, akaona damu ya wengi iko nyekundu kupita kawaida. Wengi waliuawa na monoksidi ya kaboni. Ile gazi haina harufu, haionekani, na inatoka mu moto na mu moshi wa motere. Inashika damu kwa nguvu kupita oksijeni, zaidi ya mara 200. Basi damu inazunguka, lakini haibebi oksijeni ya kutosha. Moyo unapiga mbio, na wenyewe pia unakosa, mpaka unashindwa.

Mambo haya aliyajua mu mwili wake. Alikwisha kuvuta ile gazi yeye mwenyewe mpaka zaidi ya nusu ya damu yake ikashikwa. Ni yeye aliyeshauri wachimbaji washuke na ndege mudogo, kanari, sababu ndege anapumua mbio na anaanguka mbele ya mutu. Waingereza walimutumia mpaka 1986.

Mwaka 1905, yeye na mwenzake Priestley walionyesha neno lingine la kuogopesha. Kinachotusukuma kupumua, zaidi sana, ni ile gazi chafu tunayotoa, si ukosefu wa oksijeni. Njo maana oksijeni ikipunguka polepole mu shimo, mwili haulii. Mutu anajiona muzima, pengine anacheka, kisha magoti yanakatika. Hewa nzuri iko na oksijeni 21 kwa 100. Mushumaa unazimika karibu na 17, na mutu hajasikia kitu bado.

Mwaka 1911 Haldane alipanda na wenzake watatu ku mulima Pikes Peak, kule Marekani, urefu wa metre 4,300. Ruwenzori yetu inapita pale, iko na 5,109. Walikaa kule juma tano. Siku za kwanza kichwa kiliuma, midomo ikawa bluu, kazi kidogo tu ilileta taabu ya pumuzi. Siku zilivyopita, pumuzi ikawa ya ndani zaidi, damu ikaongeza nguvu ya kubeba oksijeni. Mwenzao mwanamuke, Mabel FitzGerald, alizunguka mu miji ya wachimbaji wa Colorado, akawapima watu wanaoishi juu, akaona mwili umejipanga vilevile.

Wakati wa vita ya 1914-1918 alitengeneza namna ya kuwapa oksijeni askari walioumizwa na gazi. Alikufa mwezi wa tatu 1936, na miaka 75, nyuma ya kurudi toka Iran na Irak, ambako alichunguza joto linaloua wafanyakazi wa petroli.

Miaka 50 kisha kifo chake, mu 1986, waganga wa Marekani waliona jambo mu imbwa. Moyo uliofungiwa damu dakika tano, ukafunguliwa, mara ine, uliumia kidogo wakati damu ilifungwa muda murefu. Kweli, kukosa kidogo, kwa kipimo, kunaweza kulinda moyo.

Lakini musikilize vizuri. Mu kambi zetu banasema mutu wa zamani amezoea hewa ya shimo, moyo wake umekomaa. Hapana! Mulima ulimupa Haldane siku nyingi. Waganga walihesabu dakika. Shimo halihesabu. Na monoksidi haifundishi moyo, inauiba.

Kwa hiyo: motopompa isiwashwe mu shimo. Chombo cha kupima gazi kishuke mbele ya watu. Mwenzako akianguka, usimufuate bila chombo cha pumuzi, hata kama ni ndugu yako wa tumbo moja, sababu ni vile tunazika wawili pahali pa mumoja. Na mukubwa wa kazi akikuambia umezoea, mumuulize: leo hewa imepimwa saa ngapi, na nani aliipima?