Steve Biko na Jarida la Wanafunzi: Safu, Lakabu na Ushahidi

Steve Biko hukumbukwa zaidi kwa sababu ya kifo chake mikononi mwa polisi wa utawala wa Makaburu mwaka 1977. Ni nadra kutajwa kwamba maandishi yake yanayofahamika zaidi yalitokea kwanza katika jarida la wanafunzi, tena chini ya jina lisilo lake. Historia ya jarida hilo na lakabu hiyo inastahili kuangaliwa kama sehemu ya maisha yake, si kama kiambatisho tu.

Bantu Stephen Biko alizaliwa tarehe 18 Desemba 1946, akakulia Ginsberg, mtaa wa Waafrika uliokuwa kando ya mji wa King William's Town, Afrika Kusini. Baba yake alifariki Biko akiwa mtoto mdogo, na mama yake akawalea watoto wanne kwa ujira wa utumishi wa nyumbani na upishi. Mwaka 1963 alijiunga na shule ya Lovedale, lakini hakudumu huko. Kaka yake, Khaya, alikamatwa akishukiwa kuwa mfuasi wa kundi la Poqo. Naye Biko akahojiwa na polisi, kisha akafukuzwa shule. Mwaka 1964 aliendelea na masomo Mariannhill, katika shule ya Wakatoliki, na mwaka 1966 akaingia katika sehemu ya wasio Wazungu ya kitivo cha udaktari cha Chuo Kikuu cha Natal, mjini Durban.

Wakati huo wanafunzi weusi wenye mwamko wa kisiasa walisemewa na NUSAS, chama cha kitaifa cha wanafunzi kilichokuwa na Wazungu wengi na kilichojinasibu kupinga ubaguzi. Katika mkutano wa chama hicho uliofanyika Chuo Kikuu cha Rhodes, Julai 1967, chuo kilikataa kuwalaza wajumbe weusi pamoja na wenzao, wakalazimika kulala kanisani. Biko alitaka mkutano uahirishwe. Hoja yake ikashindwa. Kwake yeye, tukio hilo lilidhihirisha kwamba anayesemewa hana budi kuitafuta sauti yake mwenyewe. Mwaka 1969 ilizinduliwa SASO, jumuiya ya wanafunzi weusi, naye akawa rais wake wa kwanza.

Mwaka 1970 alimwachia Barney Pityana uongozi huo, naye akachukua dhamana ya machapisho. Mabadiliko hayo hayakuwa kushushwa cheo. Sheria ya mwaka 1959 ilikuwa imewatenga wanafunzi kwa makabila na rangi: chuo kimoja Turfloop, kingine Ngoye, kingine Bellville, na kadhalika. Jumuiya iliyotawanyika namna hiyo isingeweza kuwa na fikra moja pasipo chombo cha kuzisafirisha fikra hizo. Chombo hicho kilikuwa jarida la SASO, na humo, kuanzia Agosti 1970, Biko alianzisha safu aliyoipa kichwa chenye maana ya kuandika apendavyo. Chini ya safu hiyo aliweka saini ya Frank Talk, lakabu inayoashiria usemaji usio na kificho. Makala ya kwanza iliwakosoa Wazungu waliojiona wapenda haki huku wakiendelea kuongoza mapambano ya watu wengine. Iliyofuata, Septemba, iliwageukia Weusi wenyewe na unyonge uliokuwa umejengeka nafsini mwao.

Jarida hilo lilikuwa pia uwanja wa mjadala wa istilahi. Serikali iliwaita wananchi walio wengi kwa kirai cha ukanushi: wasio Wazungu. Muundo huo humfanya Mzungu kuwa kipimo, na wengine wote kuwa upungufu wa kipimo hicho. SASO ililitupilia mbali jina hilo, ikashika neno Weusi, likiwajumuisha Waafrika, Wahindi na Machotara waliokandamizwa kwa pamoja.

Biko aliacha masomo ya udaktari mwaka 1972, akafanya kazi katika miradi ya maendeleo ya jamii. Machi 1973 serikali ilimpiga marufuku: alifungiwa King William's Town, asiandike kwa ajili ya kuchapishwa wala maneno yake yasinukuliwe. Kitabu cha mwaka alichokuwa akikihariri kilitoka bila jina lake.

Septemba 1974, SASO na chama cha BPC waliandaa mikutano ya kuishangilia Frelimo, iliyokuwa imeendesha vita vyake ikiwa na makao Dar es Salaam. Viongozi wao wakakamatwa, na tisa kati yao wakashtakiwa kwa Sheria ya Ugaidi. Ushahidi dhidi yao haukuwa silaha. Ulikuwa hasa hotuba, mashairi, tamthilia na makala. Mei 1976 Biko aliitwa kuwatetea. Katika mahojiano ilibainika kwamba hakimu alidhani Frank Talk ni mmoja wa washtakiwa. Biko angeweza kuliacha kosa hilo lipite, kwani naye aliishi chini ya amri kali. Badala yake alieleza waziwazi kwamba mwandishi ni yeye. Lakabu iliyomsitiri kwa miaka sita aliivua mwenyewe, mbele ya dola, ili mzigo wa maneno yake usibebwe na mwingine.

Washtakiwa wote tisa walifungwa. Biko alikamatwa tarehe 18 Agosti 1977, akateswa mjini Port Elizabeth, akasafirishwa akiwa uchi na mahututi kwa gari la polisi hadi Pretoria, akafa tarehe 12 Septemba, akiwa na umri wa miaka 30. Oktoba mwaka huohuo SASO ikapigwa marufuku, na jarida lake likafa nayo. Mwaka 1978 padri Aelred Stubbs alikusanya maandishi yake kuwa kitabu, akakipa jina la ile safu ya wanafunzi. Safari hii juu ya jalada liliandikwa jina la Biko, lile ambalo mwenyewe alikuwa amekwisha kulitamka mahakamani.