Einthoven, mtu aliyepima moyo wa binadamu

Wandugu wachimbaji, siku hizi kwetu Mboko vijana wanavaa zile saa za mkono zenye kuhesabu mapigo ya moyo. Lakini panda pikipiki uende Baraka, uendelee mpaka Misisi: kwenye mashimo saa inaruka juu, inashuka, na mwenye kuivaa anaogopa bure. Shida hiyo ya kutikisika, Willem Einthoven aliijua mbele yetu.

Alizaliwa mwaka 1860 Semarang, kwenye kisiwa cha Java, wakati Waholanzi wanakitawala. Baba yake, dokta wa jeshi, alikufa yeye angali mtoto, na mama akaenda nao Uholanzi. Akasoma udaktari, akawa profesa katika mji wa Leiden.

Ilijulikana kwamba moyo ukipiga unatoa umeme kidogo sana. Einthoven alitaka kuupima, lakini chombo chake kilitikisika kila mara mikokoteni ya farasi ilipopita njiani. Akafanya nini? Kazi yetu sisi: alichimbisha shimo, akalijaza mawe makubwa chini ya chombo. Haikutosha. Ndipo akatengeneza chombo kingine, chenye uzi mwembamba wa kwazi, lile jiwe jeupe tunalovunja tukifuata dhahabu. Uzi ulipakwa feza, ukategwa katikati ya sumaku. Chombo kilikuwa na uzito wa kilo karibu 270, na watu 5 wa kukiendesha. Mgonjwa alikaa kimya, mikono na mguu ndani ya maji ya chumvi.

Mwaka 1924 akapewa tuzo ya Nobel. Inasimuliwa kwamba fundi aliyemsaidia alikuwa amekwisha kufa, basi akatafuta dada zake, akawagawia nusu ya pesa. Sisi wa sindika hilo hatulisahau. Alikufa 1927.

Saa ya mkono haifuati umeme, inaangalia damu kwa taa chini ya ngozi. Mkono ukikaza usukani na kutikisika, inachanganya mtikisiko na moyo. Mkanda wa kifuani, unaofuata umeme kama Einthoven, unakosea kidogo zaidi. Basi ukitaka hesabu ya kweli, simama, keti, utulie, weka vidole viwili kwenye mshipa wa mkono, hesabu dakika moja. Mtu mzima aliyetulia hupata kati ya 60 na 100. Na kifua kikibana, usiulize saa: wapeleke wenzako wakufikishe hopitali.