Walt Disney: Mtoto wa kusambaza magazeti aliyezijengea familia bustani ya likizo

JUMAMOSI ilikuwa siku ya binti zake. Katika miaka ya 1940, kila kazi za studio zilipositishwa mwishoni mwa wiki, Walt Disney aliwachukua Diane na Sharon akawatembeza. Mojawapo ya sehemu walizozipenda ilikuwa Griffith Park, jijini Los Angeles, kulikokuwa na bembea kubwa ya kuzunguka yenye farasi wa mbao. Wasichana walipanda, wakazungushwa, wakashuka na kutaka kupanda tena. Baba yao aliketi kwenye benchi akitafuna njugu. Kando yake walikuwa wazazi wengine, nao wamejikalia tu, wakisubiri watoto wachoke.

Disney hakuwa mtu wa kukaa bure. Kufikia wakati huo kikaragosi chake cha panya, Mickey Mouse, kilikuwa kimezunguka dunia, na filamu zake zilikuwa zimejaza kumbi za sinema katika mabara kadhaa. Hata hivyo, pale benchini alikuwa mzazi kama wengine: mwenye kulipa na kungoja. Baadaye alisimulia kwamba hapo ndipo alipoanza kujiuliza kwa nini hapakuwa na mahali ambapo wazazi na watoto wangeburudika pamoja. Jibu alilolitoa mwaka wa 1955 ndilo lililozaa likizo za bustani za burudani kama zinavyojulikana leo. Lilinusurika pia kumfilisi.

Walter Elias Disney alizaliwa jijini Chicago, Marekani, mnamo Desemba 5, 1901. Alikuwa mwana wa nne wa Elias na Flora Disney. Dada yao Ruth ndiye aliyekuwa kitinda mimba. Elias, seremala aliyewahi kufanya kazi katika ujenzi wa Maonyesho ya Dunia ya Chicago ya mwaka wa 1893, alikuwa mtu wa dini, mkali, na asiyekuwa na bahati katika biashara. Mwaka wa 1906 aliihamishia familia yake katika shamba karibu na mji mdogo wa Marceline, jimboni Missouri. Walt aliishi huko kwa miaka michache tu, lakini ndiyo miaka aliyoikumbuka kwa furaha maisha yake yote: mifugo, miti ya matunda, barabara kuu ya mji na garimoshi lililopita likipiga honi. Kaka zake wawili wakubwa, Herbert na Raymond, hawakuyaona hivyo. Walichoshwa na kazi isiyo na malipo wakatoroka nyumbani.

Elias alipougua, shamba liliuzwa. Mwaka wa 1911 familia ilihamia Kansas City na baba akanunua haki ya kusambaza magazeti mtaani. Kazi yenyewe ilifanywa na Roy na Walt. Kabla ya alfajiri, mvua inyeshe au theluji ianguke, wavulana hao walikwenda nyumba kwa nyumba wakiacha gazeti mlangoni, kisha wakaenda shule wakiwa na usingizi. Baba hakuwalipa, aliamini kwamba chakula na malazi vilitosha. Kazi hiyo Walt aliifanya kwa takriban miaka sita. Roy alipoondoka nyumbani, mzigo ulimwelemea mdogo wake. Inasimuliwa kwamba asubuhi nyingine, katika baraza za nyumba za watu wenye uwezo, Walt alikuta vitu vya kuchezea vilivyoachwa usiku na wenyewe. Alivichezea kidogo gizani, kisha akavirudisha palepale alipovikuta. Hata alipokuwa mzee tajiri, bado aliota kwamba amesahau kupeleka gazeti kwa mteja na baba anamngoja kwenye kona.

Mwaka wa 1918, akiwa na umri wa miaka 16, alibadilisha mwaka wake wa kuzaliwa kwenye hati ili akubaliwe na Msalaba Mwekundu kuwa dereva wa ambulensi. Alifika Ufaransa vita vikiwa vimekwisha. Aliporejea alijitosa katika uchoraji. Kampuni yake ya kwanza ya filamu za vibonzo, Laugh-O-Gram, ilifilisika mwaka wa 1923, naye akapanda garimoshi kuelekea California akiwa na takriban dola 40. Huko alimkuta Roy, na ndugu hao wakaanzisha studio. Mgawanyo wa kazi uliwekwa mapema na haukubadilika: Walt alitunga ndoto, Roy alitafuta pesa za kuzilipia.

Habari za filamu zake zinajulikana na wengi. Mwaka wa 1928 alipokonywa kikaragosi chake cha sungura, Oswald, pamoja na wachoraji wake wengi, kwa kuwa mkataba ulimpa msambazaji umiliki. Kutokana na msiba huo alizaliwa Mickey Mouse, aliyechorwa na rafiki yake Ub Iwerks, na filamu ya Steamboat Willie ikaonyeshwa New York mnamo Novemba 18 mwaka huo. Mnamo Desemba 1937 alizindua Snow White and the Seven Dwarfs, iliyogharimu takriban dola milioni 1.5, wakati ambapo wengi Hollywood walimwona kama mtu aliyepungukiwa na akili. Faida ilikuwa kubwa. Ndugu hao waliwanunulia wazazi wao nyumba, na humo mama yao akafa mnamo Novemba 1938, baada ya mtambo wa kupasha nyumba joto kuvujisha gesi. Walt hakupenda kulizungumzia jambo hilo.

Wale wanaomkumbuka kama mjomba mpole wa runinga husahau mwaka wa 1941. Wachoraji wake waligoma mwezi Mei, wakidai kutambuliwa kwa chama chao na kulalamikia tofauti kubwa za mishahara. Disney, aliyejiona kama baba wa studio, aliuchukulia mgomo huo kama usaliti, akawafuta baadhi yao na kuwashuku wengine kuwa wakomunisti. Mwaka wa 1947 alikwenda mbele ya kamati ya bunge jijini Washington kuyasema hayo hadharani. Kijana aliyefanyishwa kazi na babake bila malipo alikuwa amekuwa mwajiri asiyeelewa kwa nini wafanyakazi wanalalamika. Uhusiano wake na wachoraji haukurudi ulivyokuwa, na ari yake kwa filamu za vibonzo ikapungua.

Alihitaji kitu kingine cha kuchezea. Alijenga nyumbani kwake reli ndogo yenye garimoshi linaloendeshwa kwa mvuke, akawa anawabeba wageni. Mwaka wa 1948 alihudhuria maonyesho ya garimoshi jijini Chicago, na mwaka huohuo akaandika mapendekezo ya bustani ndogo kando ya studio. Alizuru viwanja vya burudani vya Marekani na kuona uchafu, walevi na watumishi wasiojali. Mkewe, Lillian, hakuelewa kwa nini angetaka kuhusika na mahali pa namna hiyo. Kilichomvutia kilikuwa Tivoli, bustani ya kale ya Copenhagen, nchini Denmark: safi, yenye taa na maua, na watu wa rika zote wakitembea bila wasiwasi.

Wazo lilipokua, kipande kile cha ardhi hakikutosha, nao viongozi wa mji wa Burbank, ilikokuwa studio, hawakutaka kelele za viwanja vya burudani mjini mwao. Roy naye alisita, akakubali kampuni itoe dola 10,000 pekee. Walt alikopa kwa kutumia bima yake ya maisha na kuuza nyumba yake ya mapumziko. Mwaka wa 1953 mtafiti Harrison Price aliajiriwa kutafuta mahali panapofaa, akachagua ekari 160 za mashamba ya michungwa katika mji wa Anaheim. Mwezi Septemba mwaka huo mchoraji Herb Ryman aliketi na Walt kwa siku mbili mwishoni mwa wiki akachora ramani kubwa, na Roy akaibeba hadi New York. Kituo cha runinga cha ABC kilikubali kutoa dola 500,000 na kudhamini mikopo ya mamilioni, nacho kikapewa thuluthi ya bustani na kipindi cha kila wiki cha Disney. Kwa hiyo Wamarekani waliitazama Disneyland ikijengwa wakiwa sebuleni mwao. Tangazo bora zaidi kuliko hilo ni vigumu kulifikiria.

Ujenzi ulichukua mwaka mmoja na kugharimu dola milioni 17. Ubunifu wenyewe unastahili kuangaliwa kwa makini kwa sababu karibu kila bustani ya burudani iliyofuata imeuiga. Mlango wa wageni ulikuwa mmoja tu, ili watu wasipoteane na ili hadithi ianzie mahali pamoja kwa kila mtu. Tuta la udongo lilizingira eneo lote, na juu yake ikapita reli, hivi kwamba aliye ndani hakuona magari wala nyumba za nje. Mgeni aliingia kupitia barabara kuu iliyojengwa kwa kumbukumbu za Marceline, orofa za juu zikiwa ndogo kuliko za chini ili majumba yasimtishe mtoto. Mwishoni mwa barabara palionekana kasri, na kasri hilo liliivuta miguu ya wageni mbele bila kuambiwa na mtu. Kutoka hapo njia ziligawanyika kama vijiti vya gurudumu.

Siku ya ufunguzi, Jumapili ya Julai 17, 1955, ilikuwa balaa. Tikiti za mwaliko zilighushiwa, na watu takriban 28,000 wakafurika. Joto lilikuwa kali, lami iliyomwagwa usiku uliotangulia ikalainika na kunasa viatu vya wanawake. Mafundi wa mabomba walikuwa wamegoma siku za ujenzi, na Disney alilazimika kuchagua kati ya vyoo na mabomba ya maji ya kunywa. Alichagua vyoo, wageni wakafikiri ni hila ya kuuzia soda. Gesi ilivuja na sehemu moja ikafungwa. Haya yote yalitokea mbele ya kamera za runinga, mmoja wa watangazaji akiwa mwigizaji Ronald Reagan, aliyekuja kuwa rais. Magazeti yaliikejeli Disneyland. Wiki saba baadaye, mgeni wa milioni moja alikuwa amepita mlangoni.

Kiingilio kilikuwa dola moja kwa mtu mzima na senti 50 kwa mtoto, na kila mchezo ulilipiwa kando. Leo tikiti ya siku moja kwa mtu mmoja kwa kawaida huzidi dola 100, na wazazi wengi Marekani huweka akiba kwa miaka ili kuwapeleka watoto mara moja tu.

Si kila mtu aliyealikwa katika ndoto hiyo kwa heshima sawa. Safari ya mashua katika msitu wa kubuni, iliyochota mambo mengi kutoka kwa filamu ya The African Queen iliyopigwa nchini Uganda na Congo, iliwaonyesha Waafrika kwa miaka mingi kama washenzi wenye mikuki. Kampuni ilitangaza kuyabadilisha maonyesho hayo mwaka wa 2021. Ajabu ni kwamba mwaka uleule wa 1955 Disney alitoa filamu ya The African Lion, iliyopigwa katika mbuga za Afrika, zikiwemo za Afrika Mashariki, na iliyomtazama simba kwa uangalifu ambao mwanadamu wa bara hilo hakuupata kule kwenye mashua. Mengine yalifuata baada ya kifo chake: katika bustani ya wanyama ya Disney iliyofunguliwa Florida mwaka wa 1998, kuna kijiji kiitwacho Harambe, ambacho kuta na vichochoro vyake vimeigwa kutoka mji wa Lamu. Familia nyingi za kigeni zimejifunza neno hilo zikiwa kwenye foleni.

Disney alijitengea chumba juu ya kituo cha zimamoto cha bustani yake. Alitembea humo mapema kabla ya wageni, akakagua rangi na takataka, na mchana mwingine akapanga foleni kama mtu yeyote. Jambo moja lilimkera: nje ya tuta, hoteli na maduka ya watu wengine yalijazana na kuvuna faida ya kazi yake. Ndipo yeye na Roy wakanunua kimyakimya, kwa kutumia kampuni zenye majina ya kubuni, zaidi ya ekari 27,000 za vinamasi na vichaka jimboni Florida. Siri ilifichuka mnamo Oktoba 1965 na bei ya ardhi ikaruka. Kwake, bustani ilikuwa sehemu ndogo tu ya mpango huo. Alitaka kujenga mji wa kisasa wa watu 20,000.

Alikuwa amevuta sigara tangu ujana wake Ufaransa. Mnamo Novemba 1966 madaktari walimkuta na saratani ya mapafu, wakamwondoa pafu la kushoto. Usiku wa kuamkia kifo chake, Roy aliketi kando ya kitanda hospitalini huku mdogo wake akielekeza kidole kwenye vigae vya dari, akivitumia kama ramani: barabara ipite hapa, bustani ikae pale. Alifariki Desemba 15, siku kumi baada ya kutimiza miaka 65. Uvumi kwamba mwili wake uligandishwa ili afufuliwe baadaye si kweli. Ulichomwa na majivu yakazikwa Glendale, California.

Roy alikuwa na umri wa miaka 73 na alikuwa amepanga kustaafu. Aliahirisha. Mji wa watu 20,000 ulikuwa wazo la Walt ambalo hakuna aliyejua namna ya kuliendeleza bila yeye, likaachwa. Bustani ilijengwa, na Roy akasisitiza iitwe Walt Disney World, jina kamili la nduguye, ili watu wasisahau ilitoka kwa nani. Bustani za michezo ya maji zingeongezwa huko kuanzia mwaka wa 1976. Ilifunguliwa Oktoba 1, 1971. Roy alifariki Desemba 20 mwaka huohuo.