Padre Aliyefeli Mtihani



Matokeo ya kidato cha sita yalipotoka, nilizima simu siku mbili. Nilifeli. Hata jumuiya sikwenda, maana nilijua wataniuliza. Siku hizo za kujifungia ndani ndipo nilisoma maisha ya Padre Gregor Mendel. Leo nawasimulia.

Alizaliwa mwaka 1822, mtoto wa wakulima, katika kijiji ambacho leo kiko Jamhuri ya Cheki. Ada ilikuwa shida, mpaka mdogo wake, Theresia, akatoa sehemu ya mali aliyowekewa kwa ajili ya ndoa yake ili kaka asome. Mwaka 1843 Mendel alijiunga na Waagostino katika abasia ya Mtakatifu Thoma, mjini Brno, na mwaka 1847 akapata upadre.

Mwaka 1850 alifanya mtihani wa cheti cha ualimu, akafeli. Mwaka 1856 akajaribu tena, cheti hakukipata. Ukiwa wewe ungefanyaje? Yeye mwaka huohuo alianza kupanda njegere kwenye bustani ya abasia.

Alichavusha maua kwa mkono na kuhesabu mbegu, mpaka mwaka 1863. Miche kama 28,000, si mchezo! Akichanganya njegere za mbegu duara na za mbegu zenye mikunjo, kizazi cha kwanza kilitoa duara tupu. Kizazi cha pili mikunjo ilirudi, karibu mbegu moja katika kila nne. Kumbe ile sifa haikupotea, ilijificha tu.

Mwaka 1865 aliwasomea matokeo wataalamu wa Brno, na mwaka 1866 yakachapwa. Wachache sana waliyajali. Mwaka 1868 akawa abate, na kazi za uongozi zikammeza. Alifariki tarehe 6 Januari 1884. Dunia ilikuja kumwelewa mwaka 1900.

Leo wanasayansi wanasoma jenomu, yaani maelekezo yote ya urithi yaliyomo ndani ya seli. Mwaka 2016 walitoa jenomu ya mti uitwao ginkgo, ambao ukoo wake ulikuwepo zama za dinosaria. Ina herufi zaidi ya bilioni 10, kama mara tatu ya zetu! Kwa kulinganisha herufi hizo na za miti mingine ya mbegu, wanaona undugu wao na jinsi walivyobadilika kwa mamilioni ya miaka. Safari hiyo ilianzia kwenye njegere za padre aliyefeli.

Jamani, cheti kile Mendel hakukipata kamwe, na sifa hizi hakuzisikia. Mwaka huu narudia mtihani. Sijui nitapata nini, ila simu nimewasha, na Jumapili nitakuwa jumuiya.

Tusali: Ee Bwana, utujalie kupanda kwa uaminifu, hata mavuno tusipoyaona. Amina.