Jenerali China: Aliipigania Uingereza, kisha akaigeukia

Ukipita Barabara ya Jogoo kule Eastlands, Nairobi, utaliona soko la Burma. Wengi wetu twalijua kwa nyama tu. Lakini Burma ni nchi ambako vijana wa Kenya walikwenda kumwaga damu kwa ajili ya Mwingereza. Mmoja wao ni Waruhiu Itote, ambaye baadaye alijulikana kama Jenerali China.

Itote alizaliwa Nyeri mwaka 1922. Mwaka 1942 alijiunga na King's African Rifles, jeshi ambalo Kiswahili kiliwaunganisha askari wa makabila mbalimbali. Alivuka Bahari Hindi hadi Ceylon, Sri Lanka ya leo, kisha akapigana na Wajapani huko Burma. Akafikia cheo cha koplo.

Risasi haikuchagua rangi, ila jeshi lilichagua. Mwafrika hakupewa cheo cha afisa hata awe hodari vipi, na mshahara wake ulikuwa mdogo kuliko wa Mzungu. Katika kitabu chake cha mwaka 1967, Itote alisimulia jinsi askari Mweusi wa Marekani aliyekutana naye Calcutta alivyomfumbua macho. Naye alitumikia jeshi lililowatenga Weusi. Wote wawili walipigania uhuru ambao makwao haukuwepo.

Vita vilipokwisha mwaka 1945, askari Wazungu waligawiwa mashamba. Itote akaajiriwa na shirika la reli, akichochea moto wa garimoshi. Nairobi nayo ilikuwa imegawanywa kwa rangi. Waafrika walisukumwa mashariki ya mji: Pumwani, Shauri Moyo, Kaloleni, na Kariokor, mtaa uliobeba jina la kikosi cha wapagazi wa vita vya kwanza. Mitaa hiyo ndiyo iliyowakutanisha askari wa zamani, vyama vya wafanyakazi na wanasiasa wa KAU. Itote alikula kiapo cha Mau Mau, na mwaka 1952 akaingia msitu wa Mlima Kenya. Huko aliwafunza wapiganaji mbinu alizofunzwa na Waingereza wenyewe.

Januari 1954 alipigwa risasi, akakamatwa na kuhukumiwa kifo. Alinusurika baada ya kukubali kuwashawishi wenzake wazungumze na serikali. Mazungumzo yalivunjika, na wapo waliomwona msaliti. Alifungwa Lokitaung pamoja na Jomo Kenyatta, naye akaachiliwa mwaka 1962. Baada ya uhuru alitumikia Huduma ya Vijana kwa Taifa, na akafariki mwaka 1993.

Pwani pia tuna wazee waliokwenda vita hivyo, wakarudi na medali bila shamba. Kama kwenu yupo aliyekwenda, jina lake liandikwe kabla wanaomkumbuka hawajatutoka.