Farinelli: Koo la mtoto, kifua cha jitu

Hebu shika koo lako hapo mbele. Kama wewe ni mwanamume uliyebalehe, utagusa kifundo kigumu kinachopanda na kushuka ukimeza mate. Hilo ni koromeo. Homoni za kubalehe ndizo zilizolipanua, zikarefusha na kunenepesha nyuzi za sauti zilizomo ndani, na ghafla ukaanza kuongea kama babako. Ni mambo ya gitaa tu: waya mrefu na mnene, mlio mzito, waya mfupi, mlio wa juu.

Sasa wacha nikuchanue kuhusu jamaa ambaye sauti yake haikuvunjika kamwe. Carlo Broschi, ambaye dunia ilimjua kama Farinelli, alizaliwa Andria, kusini mwa Italia, mwaka wa 1705. Akiwa bado mtoto, alihasiwa. Ikasemekana alianguka kutoka kwa farasi. Kisingizio hicho kilitumika sana enzi hizo, maana kuhasi mtoto kulikatazwa ilhali makanisa na majumba ya opera yalizitaka sauti hizo. Mtoto wa umri huo angekataaje, bana?

Basi koromeo likabaki dogo, nyuzi fupi. Lakini mwili haukusimama. Mifupa ilichelewa kukomaa ikazidi kurefuka, kifua kikapanuka. Yaani koo la mtoto lilisukumwa na mapafu ya mtu mzima! Ongeza miaka ya mazoezi makali chini ya Nicola Porpora kule Naples, unapata mtu wa kushikilia noti moja hadi wewe unayesikiliza ndiye unaishiwa na pumzi.

Alipanda jukwaani akiwa na miaka 15. Mwaka wa 1734 akatua London, akaimbia kambi iliyoshindana na Handel. Kisha 1737, akiwa kileleni, akaitwa Uhispania. Mfalme Philip V alikuwa amezama kwenye huzuni nzito, haogi, hataki kutoka kitandani. Malkia alitumaini sauti hiyo ingemwamsha. Farinelli akamwimbia usiku baada ya usiku hadi mfalme alipofariki 1746, na hakuimba tena kwenye jukwaa la umma. Alilipwa vizuri mno, sikatai. Lakini hebu waza: miaka tisa, mfalme mmoja.

Alifia Bologna mwaka wa 1782, akiwa na miaka 77, bila mtoto. Kaburi lake lilifunguliwa 2006. Wanasayansi walikuta mifupa mirefu, iliyodhoofika.