Maisha ya Tippu Tip

Hapa Rumonge, kando ya Ziwa Tanganyika, mgeni huulizwa upesi kama ni Mrundi, Mwarabu au Mswahili. Kwa hiyo napenda kuwaeleza wenzangu habari za Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, ambaye mwenzake wa biashara, Rumaliza wa Ujiji, alileta vita mpaka Burundi.

Alizaliwa Unguja yapata mwaka 1837. Mama yake alikuwa Mwarabu wa Maskati, lakini katika ukoo wa baba yake alikuwamo mwanamke Mwafrika wa Mbwamaji. Stanley alipokutana naye mwaka 1876 alimwona mweusi wa ngozi, mwenye adabu za Kiarabu. Mwenyewe alijihesabu Mwarabu.

Lakini alipofika Utetera, katika Kongo, alimwambia mfalme mzee, Kasongo Rushie, kwamba bibi yake alikuwa dada wa mfalme, aliyetekwa zamani. Mzee akafurahi, akamwachia nchi. Basi Mwarabu akawa mtoto wa nyumbani, wala hakuacha pembe na watumwa.

Mwaka 1887 alifanywa liwali wa Stanley Falls. Baadaye aliandika maisha yake kwa Kiswahili, akafa Unguja tarehe 14 Juni 1905.

Ndugu zangu, yeye alichagua asili iliyomfaa siku ile. Waliofungwa minyororo hawakuwa na la kuchagua. Basi tukimwuliza mtu kabila lake, tumwulize pia amewatendea nini wenzake.